Kababu za kuku zenye jibini ndani: uzikaange, uzioke au uzipike kwenye mchuzi?

Kuku ameshasagwa, jibini imeshakatwa, swali lililobaki ni moto. Kuzikaanga kwenye mafuta mengi, kuzioka kwenye oveni, au kuzimalizia kwenye mchuzi wa nyanya: kila njia ina wapenzi wake, na kila moja ikifanywa vizuri inatoa kababu ya kupendeza. Ila si kababu ileile. Na jibini ikitoboa nyama ikatoka, hasara haiwi sawa kwenye mafuta, kwenye trei na kwenye sufuria ya mchuzi. Hilo ndilo la kuangalia kwanza unapochagua, kabla ya rangi na kabla ya muda.

Vipimo vya ulinganisho

Tunazilinganisha kwa mambo matano: jibini inabaki ndani kwa uhakika gani, nyama inabaki laini kiasi gani, ganda na rangi vinatokaje, kazi inataka mafuta, muda na uangalizi kiasi gani, na kababu zinakuwaje zikihifadhiwa na kupashwa moto. Mambo haya hayana uzito sawa, kwa hiyo la kwanza tumelipa nafasi kubwa. Ili kila njia itendewe haki, mchanganyiko wa nyama ni mmoja, ukubwa ni mmoja na jibini ni ileile.

Msingi wa njia zote tatu

Kwa kababu 17 au 18 utahitaji: kuku wa kusaga gramu 500, chenga kavu za mkate gramu 40, maziwa mililita 60, yai 1, kitunguu maji kilichokunwa na kukamuliwa gramu 50, punje 2 za kitunguu saumu zilizopondwa, chumvi gramu 7 hadi 8 (kijiko cha chai kimoja na robo) na nusu kijiko cha chai cha pilipili manga. Jibini, vipande 18 vya mraba vyenye upana wa sentimita 1.5.

Nyama ya mapaja bila ngozi ndiyo bora, maana ina mafuta ya kutosha kustahimili moto. Kidari kitupu hukauka upesi. Kama ndicho ulichonacho, ongeza kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia kwenye mchanganyiko. Nusu kwa nusu inafanya kazi vizuri pia.

Mpangilio wa kuchanganya una maana yake. Anza na nyama na chumvi peke yake, uikande kwa dakika 2 mpaka ianze kunata kwenye vidole. Chumvi inayeyusha protini za nyama, na protini hizo ndizo zitakazoshika kababu isipasuke. Kisha tia chenga zilizolowekwa kwenye maziwa kwa dakika 5, yai, kitunguu na viungo, uchanganye mpaka vishikane tu. Kitunguu kisichokamuliwa ni chanzo cha kababu nyingi zinazofumuka: maji yake yanalainisha nyama, yakipata moto yanageuka mvuke na kutafuta njia ya kutoka. Weka mchanganyiko kwenye friji kwa nusu saa. Vipande vya jibini navyo viwe kwenye friza kwa saa 1 au 2.

Kuhusu jibini yenyewe: mozzarella kavu, ile ya kukuna, ndiyo inayovutika bila kumwaga maji. Mozzarella mbichi inayouzwa kwenye maji yake ni tamu, lakini ikatwe, ifungwe kwenye kitambaa safi na kukaushwa kwenye friji usiku kucha, la sivyo itavuja kwa njia yoyote utakayochagua. Cheddar changa inayeyuka vizuri. Iliyokomaa sana hutengana, mafuta huku, chembechembe kule. Jibini ya kusindikwa ina chumvi maalumu zinazoifanya iyeyuke bila kutengana, kwa hiyo haikuangushi, ingawa haivutiki sana. Halloumi na paneer haziyeyuki kabisa. Usizitumie kama unataka jibini inayotiririka.

Kuunda: chukua gramu 40 za mchanganyiko, uzitandaze kwenye kiganja kilicholowa maji mpaka upana wa sentimita 7 hadi 8, weka jibini katikati, kusanya kingo, bana, kisha minya taratibu ili hewa iliyozunguka jibini itoke. Halafu ndipo uviringishe. Ukimaliza, nyama iwe na unene wa karibu sentimita 1.4 kila upande. Tazama kingo kabla ya kubana: chembe moja ya jibini au tone la mafuta kwenye mshono linatosha kuzuia nyama kushikana. Rudisha kababu zote kwenye friza kwa dakika 15 hadi 20, zikaze kwa nje na jibini ibaki ngumu.

Njia zenyewe

*Kukaanga.* Pitisha kababu kwenye unga wa ngano, kisha yai lililopigwa, kisha chenga za mkate. Rudia yai na chenga mara ya pili kama unataka ganda nene. Tia mafuta lita 1.5 kwenye sufuria yenye upana wa sentimita 20 na kina cha kutosha, yasizidi nusu ya sufuria, uyapashe hadi nyuzi 170 za selsiasi. Kama huna kipimajoto, tumbukiza kipande cha mkate cha sentimita 2: kikipata rangi ya dhahabu kwa takriban dakika 1, mafuta yako tayari, kikipata kwa nusu ya muda huo, yamepita kiasi. Kaanga tano tano kwa dakika 5 hadi 6, ukizigeuza. Joto litashuka zikiingia. Lirudishe, lisikae chini ya nyuzi 160. Zitoe uziweke kwenye wavu wa waya, zisirundikwe, maana mvuke wake hulainisha ganda.

*Kuoka.* Pasha oveni hadi nyuzi 200, au 180 kama ina feni. Kaanga kwanza chenga gramu 100 kwenye kikaango na kijiko kimoja cha mafuta mpaka zipate rangi ya dhahabu. Hatua hii watu wengi huiruka, kisha wanashangaa kwa nini kababu zimetoka na weupe. Pitisha kababu kwenye unga, yai na chenga hizo, zipange juu ya waya uliowekwa kwenye trei, zipake mafuta kidogo kwa brashi, uoke kwa dakika 18 hadi 20. Wenye kikaangio cha hewa wafuate utaratibu huohuo kwa nyuzi 190 na dakika 11 hadi 13, kababu zisigusane. Matokeo yake yanafanana na ya oveni kiasi kwamba hatukuona haja ya kuyapa fungu lake.

*Mchuzi.* Hapa usitie chenga kwa nje; zingelowa na kubanduka. Pasha vijiko 3 vya chakula vya mafuta kwenye kikaango kipana, moto wa wastani, uzikaushe kababu kwa dakika 4 hadi 5 ukizigeuza kila upande. Anza na upande wenye mshono ili nyama ijifunge kabla ya mambo mengine. Kisha zihamishie kwenye mchuzi wa nyanya mililita 600 ambao umeshaiva na unachemka taratibu, ufike nusu ya kimo cha kababu. Funika, punguza moto, acha dakika 10 hadi 12, uzigeuze mara moja katikati.

Kwa njia zote, kuku yuko tayari nyama ikifika nyuzi 74. Chagua kababu moja ya kupima, uchome kipimajoto kutoka ubavuni hadi ncha ifike karibu na jibini. Hiyo moja itavuja, nyingine zitapona. Usitegemee rangi. Kuku wa kusaga anaweza kuwa mweupe kabla hajaiva, na anaweza kubaki na uwaridi hali ameiva.

Jibini kubaki ndani

Chanzo cha shida ni kwamba jibini inalainika na kuanza kutiririka mapema, kwenye nyuzi 55 hadi 60, wakati nyama iliyoizunguka bado inaelekea 74. Katika dakika hizo nyama inajikaza na kuiminya jibini, maji yaliyomo yanataka kuwa mvuke, na hewa iliyobaki ndani inavimba. Kama kuna mshono dhaifu, hapo ndipo patakapopasuka. Kugandisha jibini kunaipa nyama muda wa kukaza ganda lake kabla jibini haijaanza kusogea. Ndiyo maana uvujaji mwingi huamuliwa mikononi na kwenye friza, kabla moto haujawashwa. Njia ya kupika inaongeza au kupunguza nafasi ya kosa, halafu inaamua kosa hilo litakugharimu nini.

Mafuta mengi hukaza ganda haraka kuliko njia nyingine yoyote, na kwa hilo jibini inalindwa vizuri mwanzoni. Tatizo liko mwishoni: dakika moja ya ziada inatosha kuifanya jibini ichemke na kupasua ganda. Ikitoka, inarusha mafuta, vipande vyake vinaungua, mafuta yanakuwa meusi na kababu zinazofuata zinabeba uchungu. Sikiliza sauti. Kababu ikikaribia kuiva povu hupungua na sauti hutulia. Povu likirudi ghafla mahali pamoja, jibini imeanza kutoka, itoe kababu hiyo mara moja. Chuja chenga zilizoanguka kabla ya kila mkupuo.

Oveni haikazi ganda upesi hivyo. Joto linaingia polepole kutoka pande zote, jibini inapata muda wa kuyeyuka huku nje bado ni laini, kwa hiyo mshono mbaya utajulikana. Tarajia kababu moja au mbili katika trei zitoe tone. Lakini hasara ni ndogo: tone linaangukia trei, linakauka na kuwa kipande kitamu cha jibini kinachovunjika kwa sauti, na jirani zake hawaguswi. Kuoka kwenye oveni ambayo haijapata moto vya kutosha ndilo kosa kubwa zaidi hapa, kwani linarefusha kipindi kilekile cha hatari.

Mchuzi ndio mpole kuliko zote. Nje ya kababu haizidi nyuzi 100, na nyama ilishajifunga kwenye kikaango. Jibini ikitoka, inaingia kwenye mchuzi na kuuongezea uzito na ladha. Umepoteza kitovu cha kababu, ila hujapoteza chakula. Kinachovunja kababu za mchuzi ni mchemko mkali: zinabingirika, zinagongana, mshono unaachia. Mchuzi utoe povu moja moja tu. Pia, kwa kuwa hakuna chenga wala yai kwa nje, hakuna kitu cha kuziba ufa mdogo. Kuunda kwako kuwe safi zaidi kuliko kwenye njia nyingine.

Nyama

Kababu ya mchuzi inabaki laini hata ikikaa motoni dakika 5 zaidi ya ilivyopaswa, jambo ambalo linamwokoa mpishi mwenye sufuria tatu jikoni. Ya kukaanga ina majimaji mengi ikitolewa kwa wakati, maana ilikuwa motoni kwa muda mfupi na ganda lilimzuia kuku asikauke; ikichelewa, inakuwa ngumu kweli. Oveni ndiyo inayokausha zaidi, hasa kwa kidari. Ukioka, tumia mapaja, au usiruke maziwa na chenga zilizolowekwa, ambazo kazi yake ni kushikilia maji ndani ya nyama.

Ganda na rangi

Kukaanga hakuna mpinzani hapa: ganda linalovunjika kwa sauti, rangi sawa kila upande. Oveni hukaribia kama chenga zilikaangwa kabla na waya ukatumika. Bila waya, upande wa chini hulowa na kuwa bapa. Kababu ya mchuzi haina ganda, ina ngozi nyembamba ya kahawia iliyofunikwa na nyanya, na anayetaka kitu kinachovunjika kwa sauti atakikosa.

Mafuta, muda na uangalizi

Kukaanga kunataka lita 1.5 za mafuta na mtu asiyeondoka jikoni. Kababu 18 ni mikupuo minne, pamoja na muda wa mafuta kurudi joto, kama dakika 35 za kusimama. Weka mfuniko wa sufuria karibu: mafuta yakishika moto, zima jiko na ufunike, usimwagie maji kamwe. Mafuta yaliyobaki yakichujwa vizuri yanatumika tena, lakini yakishanuka jibini iliyoungua yameharibika.

Oveni inapika zote 18 kwa mara moja, inatumia mafuta kidogo, na katika zile dakika 20 uko huru. Ni njia pekee kati ya hizi ambayo kuongeza wingi hakuongezi kazi kwa kiasi kile kile, ili mradi trei isijazwe hadi kababu zikagusana.

Mchuzi unataka dakika kama 40 ukihesabu nyanya, mafuta kidogo, sufuria mbili, na uangalizi wa hapa na pale baada ya kukausha kababu. Fadhila yake ni kwamba kitoweo kimeshakamilika. Aliyekaanga au kuoka bado atatafuta cha kuchovya.

Kuhifadhi na kupasha moto

Zilizopikwa ziingie kwenye friji ndani ya saa 2 na ziliwe ndani ya siku 3. Za mchuzi ndizo zinazolala vizuri. Pasha kwa moto mdogo, zikiwa zimefunikwa, na siku ya pili mchuzi umeshaingia ladha. Za kukaanga na za kuoka zirudi kwenye oveni kwa nyuzi 180, dakika 8 hadi 10. Maikrowevu hulainisha ganda na mara nyingi hupasua kababu, kwa sababu jibini hupata joto haraka kuliko nyama.

Ukitaka kuziweka mbichi, zigandishe kwenye trei mpaka ziwe ngumu, kisha uzitie kwenye mfuko. Zinakaa vizuri kwa miezi 2. Za kuoka zinaweza kwenda kwenye oveni zikiwa zimeganda, nyuzi 180 kwa takriban dakika 30, ukihakikisha nyuzi 74. Kukaanga kababu iliyoganda kabisa hakufai: nje itaungua huku nyama iliyo karibu na jibini ikiwa mbichi. Iache kwanza iyeyuke ndani ya friji.

Uchague ipi?

Wageni wamekaa mezani na kababu zinatoka jikoni moja kwa moja hadi sahani: kaanga. Ganda lake ni la dakika 15 za kwanza, na hapo linaliwa likiwa bora. Chagua hii pia kama una kipimajoto na uzoefu wa mafuta ya moto, na hakuna watoto wanaopitapita karibu na jiko.

Unalisha watu wengi, au unataka kutayarisha mapema na kugandisha: oka. Ukubali ganda jepesi zaidi, tumia nyama ya mapaja, na utapata trei nzima kwa pamoja. Anayepunguza mafuta kwenye chakula naye atafaidika hapa, ingawa akumbuke kwamba jibini yenyewe ina mafuta yake.

Chakula kinapikwa asubuhi, kikae kwenye friji, kiliwe jioni, au walaji wanakuja kwa zamu: tumia mchuzi. Ndio pia unaowafaa watoto wadogo na wazee wasiopenda vitu vikavu. Kwa watoto, kata kababu katikati na uiache ipoe. Nje inaweza kuwa vuguvugu huku jibini ya ndani bado inachoma ulimi. Hata kwa wakubwa, subiri dakika 4 au 5 kabla ya kuuma, iwe ya njia yoyote.

Una mozzarella mbichi na huna usiku wa kuikausha: mchuzi tena, maana ndiko inakovuja bila madhara.

Hujawahi kuunda kababu zenye jibini: anza na mchuzi au oveni, na kabla ya kupika zote, pika moja tu. Ikivuja, tazama imevuja wapi. Kama ni kwenye mshono, rudi kwenye nyingine ukazibane upya kwa vidole vilivyolowa. Kama imepasuka ubavuni, nyama ilikuwa nyembamba upande huo, na zilizobaki zinaweza kuongezewa nyama kidogo na kurudishwa kwenye friza dakika 15 kabla ya kuendelea.